"Ni orijino?" Swali gumu kuhusu pikipiki ya zamani

Kila ninaposimama sheli hapa Tanga kuijaza mafuta pikipiki yangu ya zamani ya Kiingereza, kazi ya dakika tano hugeuka nusu saa. Vijana wa bodaboda huacha kijiwe chao wakaja kuchuchumaa kando ya injini. Mwenye pampu huuliza mbona natia oili kwenye petroli. Juzi mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akaja taratibu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yakiwa kwenye tangi. "Hii BSA," akasema, wala hakuwa anauliza. Akanieleza kuwa msimamizi wa shamba la mkonge alilofanyia kazi baba yake alikuwa na moja ya namna hii, na watoto walijua anakuja kwa mlio kabla vumbi halijaonekana. Kisha akauliza swali ambalo kila anayesimama huishia kuliuliza: "Lakini mwanangu, ni orijino?"

Nimeishi na swali hilo miaka kadhaa sasa. Nikijibu ndiyo nitakuwa nimedanganya, na nikijibu hapana nitakuwa nimedanganya vilevile. Ndani ya neno hilo moja yamejificha maswali kadhaa, na anayeyachanganya anaweza kutumia fedha nyingi kuharibu kitu ambacho ukata ulikuwa umekihifadhi salama.

Nianze na umri, maana ndio mwepesi. Mtaani tuna neno mkweche, na mkweche ni chombo kilichochoka, hata kama kilitoka kiwandani miaka kumi iliyopita. Uzee wenye heshima ni kitu kingine, na wenzetu wa Ulaya wamejaribu kuuwekea mpaka. Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza, iliyoanzishwa 1946, ilianza kwa kuzipokea pikipiki zilizotengenezwa kabla ya 1931 tu. Leo inapokea yoyote iliyotimiza miaka 25. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, linataka miaka 30, kisha linaongeza masharti: chombo kiwe kimetunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na kisiwe cha kwendea kazini kila siku. Sharti hilo la mwisho sikubaliani nalo kwa huku kwetu. Ziko Yamaha AG100 zilizokwisha pita umri huo ambazo bado zinambeba bwana shamba kijijini, na kule kubeba ndiyo historia yenyewe.

Yangu ni BSA Bantam ya toleo la kwanza, D1. Cc 123, gia tatu, nyuma haina shoki hata moja. Ukipita kwenye shimo, uti wa mgongo ndio unaotoa taarifa. Niliikuta ghalani kwenye shamba la mkonge, imeegemezwa ukutani chini ya magunia, imepakwa rangi nyeusi kwa brashi kuanzia madigadi ya mbele hadi taa ya nyuma.

Swali la pili ni hili: orijino ya nani? BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa 1861 kutengeneza bunduki. Bantam ilipotoka 1948, Waingereza waliipenda upesi. Vijana wa posta waliokuwa wakipeleka simu za maandishi walipanda zilizopakwa rangi nyekundu. Lakini mchoro wake haukuzaliwa Birmingham. Ulizaliwa Zschopau, Ujerumani, katika kiwanda cha DKW, kwa mkono wa mhandisi Hermann Weber, na pikipiki yenyewe iliitwa RT125. Ujerumani iliposhindwa vita, michoro yake ikachukuliwa na washindi kama fidia. Waingereza waliigeuza injini kama inavyoonekana kwenye kioo, maana dereva wao alizoea kubadili gia kwa mguu wa kulia na Mjerumani kwa wa kushoto. Warusi wakaitengeneza kwa jina la Moskva M1A. Harley-Davidson ya Marekani ikatoa yake ya cc 125. Na mwaka 1955 kampuni ya Kijapani iliyojulikana kwa piano ikatoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, kwa kuifuata RT125 hiyohiyo. Wajapani waliipa jina la utani, kereng'ende mwekundu. Kampuni hiyo ni Yamaha.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Ukimwona bwana afya juu ya Yamaha ya injini ya mapigo mawili, ukoo wake na wa BSA yangu unakutana Zschopau. Ndiyo maana mtu akiniambia kuwa pikipiki ya heshima ni ile isiyoiga mwenzake, namwonyesha Bantam. Iliiga waziwazi, na bado ina tabia yake. Hata jina ni lake: bantam ni jogoo wa aina ndogo, anayesemwa alipata jina kutoka bandari ya Banten kule Java. Jogoo huyo alichorwa kwenye tangi, kifua mbele.

Swali la tatu ndilo linalowatia watu hasara zaidi, nalo ni la nambari. Wanunuzi wengi wamesikia kuwa pikipiki halisi ni ile ambayo nambari ya injini na ya fremu zinafanana. Kwa baadhi ya viwanda ni kweli. Kwa BSA ya miaka ya 1940 na 1950 si kweli kabisa: injini ilipewa nambari yake na fremu yake, na hazikufanana tangu siku ya kwanza. Daftari la kiwanda ndilo lililoandika injini ipi ilifungwa kwenye fremu ipi, na klabu za Uingereza bado zinatunza daftari hizo. Kwa hiyo Bantam ya enzi hizo yenye nambari zinazofanana sawasawa inapaswa kukutia wasiwasi, kwa sababu huenda kuna mtu amekaa na nyundo na herufi za chuma akaigongea upya. Tazama chuma chenyewe panapogongwa nambari. Kama pamepigwa tupa na kung'aa kuliko pembeni yake, ondoka.

Huku kwetu nambari zinazopaswa kukubaliana ni za chuma na za karatasi. Kadi ya pikipiki, au logibuku kwa ndugu zetu wa Kenya, iseme kile kinachosomeka kwenye fremu. Nimeona watu wakilipia pikipiki nzuri isiyo na kadi kwa matumaini kwamba "mambo ya karatasi yatajipa". Hayajipi. Mmiliki wa mwisho aliyeandikwa pengine alifariki miaka thelathini iliyopita, na warithi hawajui hata kama aliwahi kuwa na pikipiki.

Sasa tufike kwenye hali, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote. Pikipiki ya zamani unaweza kuifanyia mambo manne. Unaweza kuitunza kama ilivyo na kuzuia isioze zaidi. Unaweza kutengeneza kilichoharibika ili itembee. Unaweza kuirejesha ionekane kama siku ilipotoka kiwandani. Au unaweza kuibadilisha upendavyo. Mafundi wetu wengi huita yote hayo "kuifufua", na mteja hukabidhi chombo bila kusema anataka ufufuo wa namna gani.

Mimi nilikabidhi hivyo. Nilimpelekea tangi fundi rangi mmoja nikamwambia tu, "Lisafishe." Akaanza upande wa kushoto kwa msasa, na alikuwa mchapakazi kweli. Nilipofika saa saba mchana upande huo ulikuwa chuma kitupu, kimeng'aa kama sinia. Sakafuni, katikati ya unga mweusi, kulikuwa na unga mwingine wa kijani kilichopauka. Nikamwambia aache. Kijani kile kilikuwa rangi ya kiwandani, kijani cha ukungu kama walivyokiita wenyewe, na kilikuwa kimelala salama chini ya rangi nyeusi ya brashi kwa miongo yote ile. Kosa halikuwa lake. Nilisema neno moja pale palipohitaji maneno mia.

Upande wa kulia niliufanya mwenyewe nyumbani. Rangi ya kiwandani ilikuwa imechomwa kwenye tanuri, kwa hiyo ni ngumu kuliko ya brashi iliyopakwa juu yake. Kitambaa kidogo cha pamba, tina kidogo sana, unafuta eneo la ukubwa wa sarafu, unasimama, unafuta tena. Ilinichukua wiki tatu za jioni. Kijani kikatokea, kisha paneli ya rangi ya maziwa, kisha mkwaruzo mrefu ambao sijui ulitokana na nini. Na mwishoni, pale picha ilipokuwa imebanduka zamani, ukaonekana umbo lililopauka la jogoo.

Upande wa kushoto baadaye ulipakwa kijani kipya, kazi safi isiyo na doa. Upande wa kulia una madoa, nyufa na kutu pembezoni. Watu wanaposimama sheli kuishangaa, karibu wote huishia upande wa kulia. Wanaugusa. Hakuna aliyewahi kugusa upande mpya zaidi ya kuonyesha kwa kidole. Nadhani ni kwa sababu rangi mpya inaweza kupatikana wiki yoyote ukiwa na fedha, ila ule mkwaruzo hauuzwi popote. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbacha ni mkeka uliochakaa. Mwaka 2012 FIVA ilipitisha Mkataba wa Turin, unaosema kwa lugha ya wataalamu jambo linalokaribiana na hilo: kutunza kilichopo kwanza, na unapolazimika kubadilisha, badilisha kwa namna inayoweza kurudishwa na uandike ulichofanya. Msasa haurudishiki.

Lakini wapenzi wa uchakavu nao hukosea upande wa pili. Rangi inaweza kuzeeka bila kumwumiza mtu, ila mpira hauwezi. Tairi, tyubu, mabomba ya mafuta, waya za breki, liner za breki: vyote hivyo hufa kwa umri hata kama pikipiki haikusogea. Tairi la miaka 40 linaweza kuonekana zima lakini limekauka kama kigae. Hapo sina huruma na uhalisia. Badilisha vyote kabla hujapiga kiki ya kwanza.

Na kuna mpira wa aina moja usioonekana unaostahili maelezo marefu, kwa sababu ndio unaowafanya watu wazitukane bure injini za mapigo mawili.

Injini ya kawaida ya bodaboda ina mapigo manne, na chini ya pistoni kuna oili tu. Kwenye Bantam, nafasi iliyo chini ya pistoni ni pampu. Pistoni inapopanda, chumba cha kranki, yaani cha ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kinavuta mchanganyiko wa petroli, oili na hewa kutoka kwenye kabureta. Inaposhuka, inaukandamiza mchanganyiko huo na kuusukuma upande kupitia njia za pembeni hadi juu ya pistoni, ambako utalipuka. Hakuna valvu hata moja. Pistoni yenyewe hufungua na kufunga matundu inapopita. Ujanja ambao DKW iliutumia ulikuwa kuelekeza njia hizo mbili zilenge ukuta wa nyuma wa silinda, ili hewa mpya izunguke na kuusukuma moshi nje badala ya kutoka nao. Mhandisi Mjerumani Adolf Schnürle ndiye aliyeubuni mtindo huo. Kabla yake pistoni zilitengenezwa na nundu kichwani za kuupinda mkondo wa hewa, na nundu hizo zilipata joto kupita kiasi.

Kwa hiyo chumba cha kranki lazima kisivuje hewa kabisa. Kinachozuia ni sili mbili za mpira, kila upande wa kranki moja. Sili ya upande wa sumaku za cheche ikichoka, injini inavuta hewa isiyopimwa: inapiga makelele ikiwa baridi, ikishapata moto inazima, na fundi anahangaika na kabureta siku nzima. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini inaanza kunywa oili ya gia. Unaona moshi mwingi, unapunguza oili kwenye petroli ukidhani ndiyo sababu, na pistoni inakwama. Kipimo changu ni kuangalia kina cha oili ya gia leo na baada ya wiki ya kutembea. Ikipungua na chini hakuna tone lililodondoka, jua inachomwa. Sili zenyewe ni vitu vidogo na bado zinatengenezwa. Gharama ni ya kuifungua injini nzima ili kuzifikia, na ndiyo maana wengi hawazibadilishi wanapoipaka rangi, kisha wanajuta.

Upande wa oili sina mengi. Sehemu 1 ya oili kwa 20 za petroli, yaani mililita 200 kwa lita 4. Mfuniko wa tangi lenyewe una kikombe cha kupimia ndani yake. Mwenye pampu nilipomwonyesha aliita wenzake.

Cheche hutoka kwenye sumaku zilizo ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito kwenye ncha ya kranki, na hukatwa na pointi, yaani swichi ndogo ya kukata umeme, ambazo nafasi yake ikiwa wazi ni kama milimita 0.4. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 3,000. Ukiona cheche imefifia, safisha pointi kwanza kabla hujanunua koili. Flaiwili itolewe kwa pula yake na si kwa nyundo, maana pigo moja linaweza kupinda mkono wa kranki. Taa hupata umeme kutoka hapohapo, volti 6 tu, kwa hiyo ukipunguza mwendo usiku barabara nayo inafifia. Huo si ugonjwa. Mimi nafika nyumbani kabla ya magharibi.

Kuna jambo la spana ambalo natamani kila fundi kijana alijue. Nati za Kijapani na za Kichina hupimwa kwa milimita. Nati za Kiingereza za enzi ile zina vipimo vyake, na spana zake ziliandikwa kwa unene wa bolti badala ya upana wa kichwa cha nati. Chukua nati ya bolti ya robo inchi ya kiwango chao kinachoitwa BSF: kichwa chake kina upana wa karibu milimita 11.3. Spana ya 11 haiingii. Ya 12 inaingia na kucheza. Fundi anakaza mkono, spana inateleza, pembe za nati zinaliwa. Ukiona Bantam ambayo nati zake zote zimekuwa duara, umesoma historia ya mafundi wote walioigusa wakiwa na seti ya milimita. Nyuzi za bolti nazo ni tofauti. Bolti ya Kijapani ikilazimishwa itaingia mizunguko miwili, kisha itakula alumini ya injini, na hapo hakuna dawa rahisi.

Tangi lenye kutu ndani lilinishinda kwa dawa za dukani, likakubali siki. Nililijaza siki nyeupe na kipande cha mnyororo mkuukuu, nikalitikisa asubuhi na jioni kwa siku nne. Kisha nikalisuuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, nikalikausha juani siku hiyohiyo na kupitisha petroli yenye oili kidogo. Hapa pwani usipolikausha siku hiyohiyo, hewa ya chumvi inaanza upya. Nilifanya haya kabla ya kusafisha rangi ya upande wa kulia, na bado niliufunga upande huo kwa plastiki, maana siki ikimwagika juu ya rangi ya zamani inaweza kuiharibu.

Vipuri havijawa shida kama nilivyoogopa. Bantam zilitengenezwa hadi 1971 kwa wingi sana, na makadirio mengi ni kati ya 350,000 na 500,000. Kwa hiyo pistoni, ringi, sili na gasketi bado zinatengenezwa Uingereza na zinafika kwa posta. Ninachokosa ni vitu vidogo vya asili ambavyo hakuna kiwanda kitakachojisumbua kuvirudia: skrubu yenye kichwa cha aina fulani, mpira wa kukanyagia, klipu ya waya.

Na hapo ndipo wanaosimama kuishangaa wanapokuwa na faida kuliko watu wanavyodhani. Kizuri chajiuza, na kwa kweli karibu kila mwezi kuna anayetaja bei. Lakini wengi zaidi hutaja kitu: kwamba kwa mjomba kuna fremu iliyogeuzwa nguzo ya banda la kuku, kwamba nyuma ya gereji fulani kuna gurudumu. Nimepata madigadi ya nyuma kwa njia hiyo, na pampu ya upepo. Nairobi kuna maonyesho ya kila mwaka ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako magari na pikipiki za zamani hukaguliwa na majaji hadi chini ya injini, na nawaheshimu wanaofikia usafi ule. Ila majaji hawana fremu kwenye banda la kuku.

Yule mzee wa baiskeli nilimjibu kadiri nilivyoweza. Nikamwambia injini ni yake ya kuzaliwa kwa mujibu wa daftari, ndani imebadilishwa karibu kila kinachosuguana, upande huu wa tangi ni wa Birmingham na huu ni wa hapa Tanga. Alisikiliza hadi mwisho. Wiki mbili baadaye alinikuta palepale sheli, akatoa kifurushi cha gazeti kikapuni kwenye baiskeli. Ndani mlikuwa na spana moja nzito, nyeusi, iliyopakwa grisi. Ilikuwa ya baba yake. Alisema imekaa nyumbani tangu mzee afariki, na kila fundi aliyepewa aliirudisha kwa kuwa haitoshi nati yoyote. Nikaifuta kwa kitambaa. Upande mmoja imeandikwa 3/16 W, yaani Whitworth, kiwango kingine cha Kiingereza, na pembeni 1/4 BSF. Nikachuchumaa, nikaiweka kwenye nati ya kwanza niliyoiona kando ya injini. Ikakaa bila kucheza hata kidogo.